KOSA LISEMWE MAPEMA

Hotuba ya wanachama siku ya kutimiza miaka kumi



Leo tumecheza, tumekula, na shukrani zimetolewa. Sisi tumepewa dakika chache, na tumechagua jambo ambalo halipendezi sana siku ya sherehe: mtu aliyepewa kazi, akakosea, afanyeje?

Mfano hatuufuati mbali. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 na amezikwa pale pale. Mwaka 1972 serikali yake ilivunja halmashauri za wilaya, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Wakulima wa pamba wakabaki kuuza kwa mamlaka ya serikali, chombo ambacho hawakukichagua wala hakikuwa chao. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu aliandika tathmini, akataja yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Miaka kumi, kama sisi leo! Na katika mahojiano ya mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema wazi kwamba kama angeanza upya asingevunja halmashauri wala ushirika. Sheria za kuvirudisha zilikwisha tungwa mwaka 1982.

Mzee Mwinyi naye alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya vifo vya mahabusu huko Mwanza na Shinyanga, ingawa si mkono wake uliotenda. Mwaka 1985 akawa Rais.

Jamani, tuone mambo mawili hapo. Kukiri hakukuwaondolea heshima. Lakini pia, toka 1976 hadi 1982 ni miaka sita, na aliyeumia ni mkulima. Kosa likikaa, gharama inalipwa na wengine.

Sasa tuje kwenye sanduku letu. Mweka hazina anahesabu marejesho, anakuta elfu kumi hazipo. Moyo unamdunda: watasema ameiba. Basi anakopa kwa jirani, anajaza kimya kimya. Mwezi ujao pengo lingine, deni juu ya deni. Huyu hakuanza kama mwizi. Aliyemfikisha huko ni hofu, na hofu hiyo tunaipika sisi wenyewe kwa minong'ono ya sokoni na mwaloni.

Kwa hiyo tunaomba miaka kumi ijayo tushike haya:

1. Aliyekosea aseme siku hiyo hiyo, kikaoni, kabla sanduku halijafungwa.

2. Daftari lisifutwe. Kosa lipigwe mstari mmoja, tarakimu sahihi iandikwe juu yake, na viongozi wawili watie sahihi.

3. Kosa na wizi visichanganywe. Aliyesema apewe muda wa kurudisha. Aliyeficha, katiba yetu ichukue mkondo wake, hata awe shoga yetu wa karibu.

4. Yaliyosemwa kikaoni yaishie kikaoni.

Pesa hizi ni dagaa tulioanika juani, ni mihogo tuliyobeba kichwani, ni ada za watoto. Haziwezi kulindwa na kufuli peke yake, lazima na ulimi usioogopa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi akina mama twalijua hilo kuliko wote.