Ukoo na Ardhi Yake: Kutoka Ulva Hadi Umatengo



Kaskazini mwa hapa Lundo kuna safu ya milima ambayo ramani inaiita Livingstone. Daktari Livingstone, ambaye milima hiyo ina jina lake, alilifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859. Miaka miwili kabla, katika kitabu chake cha safari, alieleza kwamba baba wa babu yake aliuawa vitani Culloden mwaka 1746, na kwamba babu yake, mkulima mdogo wa kisiwa cha Ulva, Uskoti, aliweza kusimulia maisha ya vizazi sita vilivyomtangulia. Mzee wa Kimatengo wa milimani kwetu angemwelewa babu huyo mara moja.

Baada ya koo za milimani za Uskoti kushindwa Culloden, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mavazi yao na kuwanyang'anya wakuu wao mamlaka ya kuhukumu. Marufuku ya mavazi iliondolewa mwaka 1782. Pigo kubwa zaidi lilikuwa la ardhi: kwa hati ilikuwa mali ya mabwana, na katika karne ya 19 watu wengi, wa Ulva wakiwamo, walifukuzwa kupisha kondoo. Leo wajukuu wa wale waliohamia Kanada wanajua rangi za kitambaa cha ukoo, lakini shamba la ukoo hawana.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Wangoni walipovamia, Wamatengo walijikusanya milimani, na huko ukoo ukashika ntambo, yaani mgongo wa mlima uliopakana na vijito. Ngolo, yaani mashamba ya matuta na mashimo, zililimwa humo. Mwezi Machi wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia, likabaki shimo. Juu ya tuta hupandwa maharage, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikipiga, maji hutuama shimoni, hayateremki na udongo. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Mlima mkali namna ile umelisha watu vizazi kwa vizazi, na mimi sijui urithi unaozidi huo.

Kazi hiyo ilihitaji makubaliano, na makubaliano yalipatikana kwenye sengu: watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, wakaamua nani alime wapi na ugomvi uishe vipi.

Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Hata hivyo, watu wa koo za Kapinga, Komba na Ndunguru bado wanazikana na kuozeshana, kwa kuwa ukoo haukuegemea kiti cha chifu bali shamba.

Kwa hiyo nasema wazi: tusiridhike na ngoma za siku ya utamaduni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Koo ziketi, zikubaliane mipaka, ziende ofisi ya kijiji. Na majina ya mabinti yaandikwe pamoja na ya kaka zao, maana mashimo ya ngolo waliyachimba mama zao.