Kanda za Harusi Zisiharibikie Sandukuni

Nyumba nyingi zimehifadhi kanda ndogo za miniDV: harusi, sauti za wazee waliotangulia. Kamera kama Canon HV20 ya 2007 hurekodi humo picha za HDV, zenye mistari 1080, dakika 60 kwa kanda ya kawaida. Tatizo ni hili: kanda ni ileile, lakini kamera ya zamani ya DV haiwezi kuonyesha picha za HDV. Aliye na kamera ya HDV asiiuze kwa bei ya kutupa, ingawa kioo chake kimekwaruzika.

Kanda ya saa moja huchukua saa nzima kuhamishiwa kompyuta, kwa waya wa FireWire, na kompyuta mpya nyingi hazina tundu lake. Kwanza kijiswichi cha kanda kiwekwe upande wa SAVE, isije ikafutwa. Joto na vumbi la Garissa haviisubiri. Kanda yenye sauti ya mzee itangulie.