Unga wa Akiba kwa Chapati za Maji za Asubuhi



Leo nataka kusema nanyi habari ya chakula cha asubuhi. Kwa kulitazama ni jambo dogo, lakini kila nyumba ya Busia na Malaba hulifikiri kabla jua halijatoka. Sisi tunaokaa mpakani twaamka mapema sana. Mchuuzi ataka awe sokoni kabla wanunuzi hawajavuka. Dereva wa lori liendalo Kampala ataka kula upesi arudi kwenye foleni yake. Mwendesha bodaboda, ambaye jina la kazi yake lilizaliwa katika mpaka huu huu, ataka nguvu ya kumfikisha adhuhuri. Na mtoto wa shule hawezi kusikiliza mwalimu vizuri ikiwa tumbo lake lina chai peke yake.

Basi nitawaelezeni namna ya kutengeneza unga mkavu nyumbani, uliochanganywa tayari, ambao mama huuchota asubuhi, akatia maji, akapika chapati za maji. Chapati hizi hazina yai, wala maziwa, wala samli, na mafuta yake ni kidogo sana. Lakini sitasema habari ya mapishi peke yake. Unga unaokaa nyumbani siku nyingi waweza kuwa akiba njema, na waweza pia kuwa sumu. Yafaa tujue yote mawili.

Je, Yawezekana Pasipo Yai?

Watu wengi hudhani ya kuwa chapati ya maji haiwezi kushikana pasipo yai. Hilo si kweli, na ushahidi tunao hapa karibu. Ndugu zetu wa Uganda hutengeneza kabalagala kwa ndizi mbivu ndogo na unga wa muhogo. Hazina yai wala maziwa, nazo hushikana vizuri. Sababu ni kwamba wanga wa muhogo ukipata maji na moto huwa kama gundi. Wale waliopata kutia nguo wanga wa muhogo kabla ya kuzipiga pasi wanalijua jambo hili. Ngano nayo ina mnato wake. Wimbi na mtama havina mnato wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo chapati ya wimbi tupu hupasuka ikigeuzwa. Lakini tukichanganya nafaka hizi na muhogo na ngano, kila kimoja husaidia upungufu wa mwenzake.

Tofauti ni hii: kabalagala hukaangwa katika mafuta mengi, na sisi leo twataka kupika juu ya kikaango kilichopakwa mafuta tu.

Vipimo vya Unga

Chukua kikombe kimoja cha chai kikubwa, chenye kuingia yapata mililita 250, ukitumie hicho hicho kwa vipimo vyote. Tia katika bakuli kavu:

Unga wa ngano vikombe 4. Unga wa wimbi vikombe 2. Unga wa muhogo vikombe 2. Unga wa soya kikombe 1. Chumvi vijiko vya chai 2. Na bekingi pauda, yaani ule unga mweupe wa kuumua uuzwao katika vikopo, vijiko vya mezani 3 vilivyosawazishwa. Chekecha vyote pamoja mara mbili, ili ule unga wa kuumua uenee kila mahali. Sukari si lazima, kwa kuwa ndizi itatosha.

Soya ina sharti lake. Haifai kusagwa mbichi, kwa maana soya mbichi ina kitu kizuiacho tumbo kufaidi chakula. Ikaange kwanza juu ya moto wa kiasi hata iwe na rangi ya kahawia na harufu nzuri, kisha ndipo uipeleke kinuni.

Kama hujui ikiwa bekingi pauda yako ingali hai, tia kijiko cha chai katika maji ya moto. Ikitoa povu mara moja, yafaa. Isipotoa, imekwisha nguvu. Asiye nayo kabisa asiitie. Atengeneze chapati nyembamba, nazo zitakuwa nzuri.

Asubuhi

Kwa watu wawili au watatu, ponda ndizi mbivu moja kubwa, au mbili zile ndogo tamu, hata ziwe laini. Tia vikombe 2 vya unga wako na vikombe 2 vya maji, ukoroge mpaka iwe rojo mfano wa uji mzito. Ukipenda chapati nyembamba, ongeza maji kidogo kidogo. Iache itulie dakika 10, ili wimbi na soya vinywe maji. Usiiache zaidi sana, kwa sababu unga wa kuumua umekwisha kuanza kazi yake.

Weka kikaango cha chuma juu ya moto wa kiasi. Kata kitunguu katikati, kichome kwa uma, kichovye kidogo katika mafuta, kisha pakaza kikaango. Mimina upawa mmoja wa rojo, ufunike kwa kifuniko. Ukiona vitundu vimetoka juu na unyevu umekauka, igeuze. Usiharakishe moto, kwa maana muhogo wataka kuiva mpaka ndani. Ya kwanza huenda ikashika. Pakaza tena, na zifuatazo zitatoka safi.

Labda mtu atauliza, "Kwa nini kuhangaika na kitunguu, nami ninayo chupa ya mafuta?" Natuhesabu. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni yapata gramu 14, nacho huleta karibu kalori 120. Anayetia kijiko kimoja kwa kila chapati, akipika chapati 10, ametumia gramu 140 za mafuta na kalori 1,200. Anayepakaza kwa kitunguu hatamaliza hata kijiko kimoja kwa chapati hizo zote. Amepunguza gharama, tena amewapunguzia watu wake uzito wa mwili na taabu za moyo. Zamani mengi ya maradhi hayo tuliyaita maradhi ya wakubwa wa mjini. Leo hayachagui mtu.

Lakini mwenye ugonjwa wa sukari asidanganyike. Chapati hizi zina mafuta haba, ila wanga ni mwingi. Ale kwa kipimo alichopewa na mganga wake.

Faida Yake kwa Mwili

Wimbi si chakula cha kudharauliwa. Katika gramu 100 za wimbi kuna karibu miligramu 340 za kalisi, ile ijengayo mifupa na meno, hali mahindi yana chache mno. Soya ina nguvu ya kujenga mwili kuliko nafaka yo yote. Na mlaji akila chungwa au pera pamoja na chapati, mwili wake hufaidi zaidi madini ya chuma yaliyomo. Chai, kinyume chake, huyazuia madini hayo. Ni bora chai inywewe baadaye kidogo.

Sisemi ya kuwa maziwa, mayai na omena ni vibaya. Watoto wadogo na akina mama wajawazito wanavihitaji, na mwenye navyo awape. Nasema tu kwamba siku ambayo yai halipo, au limeuzwa ili kununua daftari, chakula chema cha asubuhi kingalipo. Naye aliyekusudia kutokula kabisa kitu cho chote cha mnyama, siku zote, ajue ya kuwa vitamini B12 haipatikani katika mimea; yampasa kumwuliza mganga namna ya kuipata.

Muhogo na Hatari Yake

Sasa nafika penye neno zito. Muhogo ni chakula chetu cha asili katika nchi hii. Lakini muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi. Wazee wetu waliijua kazi ya kuiondoa, na kazi hiyo yahitaji siku kadhaa. Anayeifupisha kwa tamaa ya kuuza upesi anahatarisha maisha ya watu.

Mwezi wa Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese huko Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula unga wa muhogo mchungu, na wawili kati yao walikufa. Unga ule haukuwa na alama yo yote ya kumwonya mnunuzi. Na huko Kongo, Msumbiji na sehemu za Tanzania, watu waliokula muhogo usiotengenezwa vizuri kwa majuma mengi wamepatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao hauna dawa ya kuuondoa.

Kwa hiyo, muhogo mchungu umenywe, uoshwe, ulowekwe katika maji siku 3 au 4 hata ulainike, kisha ukamuliwe, uvunjwe vipande vidogo na kuanikwa juani mahali palipoinuka, mpaka vipande vikatike kwa mlio. Kuukata na kuuanika tu, bila kuuloweka, hakutoshi. Wala moto wa kikaango hautoshi.

Ikiwa umenunua unga nawe una shaka nao, iko njia rahisi ambayo imejaribiwa Msumbiji, Tanzania na Kongo. Changanya unga na maji hata uwe tope, utandaze juu ya sinia uwe mwembamba usiozidi sentimita moja, uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Hewa ya sumu hutoka yenyewe, na sehemu kubwa ya sumu huondoka. Lakini tope hilo lipikwe siku ile ile. Halifai tena kutiwa katika unga wa akiba. Njia hii nayo ni ya kusaidia tu. Haiwi badala ya kuloweka.

Ukungu

Adui wa pili ni ukungu. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Nasi wa mpakani twakumbuka tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Baada ya siku chache mlango ulifunguliwa tena kwa masharti, na moja ni cheti cha kuonyesha ya kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni. Wafanyabiashara wengi walipata hasara siku zile. Lakini hasara ya fedha hulipika. Ini lililoharibika halilipiki.

Chagua nafaka kwa mkono kabla ya kusaga, utupe punje zilizobadilika rangi. Usianike juu ya udongo mtupu. Unga uliotoka kinuni ungali na joto usifungiwe mara moja, kwa sababu hutoa jasho, uache upoe. Utie katika mkebe mkavu wenye kifuniko, uuweke mbali na sufuria la maji, uuchote kwa kijiko kikavu. Andika tarehe juu ya mkebe. Kwa kuwa soya na wimbi vina mafuta yake ya asili, tengeneza unga wa kutosha majuma 3 au 4 tu. Ukisikia harufu ya uchachu, ukiona madonge au rangi ya kijani, usiupepete wala usiwape kuku. Utupe.

Wazee walisema akiba haiozi. Walisema kweli kwa mtu aliyejua kuitunza. Kinu cha jirani, mkebe wa zamani uliooshwa ukakauka, na saa moja ya jioni siku ya Jumamosi: hivyo vyatosha kuipatia nyumba chakula cha asubuhi kwa mwezi mzima. Na dada anayeuza chapati kituoni Malaba hana haja ya kubeba mayai gizani. Atabeba mkebe wake, ndizi zake na maji safi.

Basi, akina mama, na ninyi akina baba ambao siku hizi mwapika pia, jaribuni kwa kikombe kimoja kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Mkiona ni vizuri, mwonyesheni jirani. Lakini mkimpa unga, mwambieni pia ule muhogo ulilowekwa siku ngapi.