Mtoto Aliyechelewa: Mlango wa Kubisha Uko Wapi?

Kama unapika au unafua, endelea tu na kazi yako, bora sikio liwe hapa. Leo nazungumza na mama, au nyanya, anayelea mtoto ambaye wenzake wameshakaa, wameshatambaa na kutembea, lakini yeye bado.

Mwaka jana mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wa miaka minne mgongoni, amemfunika leso gubigubi huku jua linawaka. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Dada, watu wanatazama sana." Mtoto huyo hakuwa amepimwa na yeyote isipokuwa waganga watatu, na mbuzi wawili wa familia walikuwa wamekwenda kwa kazi hiyo. Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa ametembea sana. Ila hakuna aliyemwonyesha mlango wa kubisha.

Kwanza tuelewane. Mtoto anaweza kuwa na mtindio wa ubongo, usonji, ulemavu wa akili au hali ya Down. Mara nyingine ubongo uliumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa umanjano mkali wa mtoto mchanga, au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingine mtoto aliumbwa hivyo tumboni, na mara nyingi hata daktari hajui sababu. Laana haimo. Wala mama hakufanya kosa lolote, na ninasema hivi ili akina baba na mashemeji walio karibu na redio wasikie pia.

Sasa chukua kile kijitabu cha kliniki, cha Mama na Mtoto. Ndani mna ukurasa wa makuzi ambao wengi wetu hatuufungui. Kufikia miezi 4 mtoto awe anashika shingo. Kufikia miezi 9 awe anakaa bila kushikwa, na kufikia miezi 18 awe anatembea. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hageuki anapoitwa jina lake pia apelekwe, kwa sababu huenda hasikii. Usikubali kuambiwa, "Ngoja, hata babake alichelewa." Ukingoja miaka miwili, viungo vinakakamaa na kazi inakuwa ngumu zaidi.

Utampeleka wapi? Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe uandikiwe barua ya kwenda hospitali kubwa. Lakini kuna mahali pengine ambapo akina mama wachache wanapajua. Tangu mwaka 1984, Wizara ya Elimu kwa msaada wa nchi ya Denmark ilianza kufungua vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vinaitwa EARC, na leo viko kote nchini. Usitafute jengo la ghorofa. Mara nyingi ni chumba kimoja tu ndani ya uwanja wa shule ya msingi, na humo yumo mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Atamtazama mtoto, atakuuliza maswali mengi, kisha akwambie kama anafaa shule ya kawaida, kitengo maalum, au aendelee kwanza na mazoezi nyumbani. Mwulize mwalimu mkuu wa shule yoyote jirani akuelekeze.

Jambo la pili ni kuandikishwa. Sheria ya mwaka 2003 ilianzisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ingawa sheria mpya ilipitishwa mwaka 2025, Baraza lipo bado. Madaktari wa hospitali ya serikali humpima mtoto na kujaza fomu, kisha Baraza linatoa kadi. Beba cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako. Kama maombi ya mtandaoni yanakushinda, nenda ofisi ya Baraza katika kaunti yako. Na akitokea kijana wa kukuomba "ya chai" ili akupatie kadi haraka, achana naye.

Kadi yenyewe haishibishi mtu. Kazi yake ni kumfanya mtoto ajulikane, ili likija jambo la kiti cha magurudumu au msaada wa karo, jina lake liwepo. Si kila anayeomba hupata, nisikudanganye.

Halafu kuna pesa. Tangu mwaka 2011 serikali ina mpango wa kusaidia nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yule anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mlezi ndiye anayezipokea. Mama anayenunua nepi anajua elfu mbili huishia wapi! Tena huchelewa, na majina mapya hayachukuliwi kila siku. Kwa hiyo mjulishe naibu wa chifu mapema kwamba una mtoto kama huyo, na umwambie mhudumu wa afya wa kijijini pia. Uandikishaji ukitangazwa, wasije wakasema hawakujua. Mtoto aliyefungiwa chumba cha nyuma hahesabiwi na mtu.

Wakati unangoja hayo yote, kuna jambo la kufanya leo jioni. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali. Chakula huingia njia ya hewa, na vichomi vya mara kwa mara huanzia hapo. Mkalishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo, na usubiri ameze kabla ya kumpa kingine. Itachukua nusu saa au zaidi. Mwachie dada au baba naye ajifunze, kwani wewe pia unachoka, na kuchoka si dhambi.

Yule mama wa leso alikwenda EARC, akarudi kwa mazoezi ya viungo kila Alhamisi. Fundi wa kijiji chao alimtengenezea mtoto kiti cha mbao chenye mikanda, na sasa hukaa nje mlangoni akitazama kuku. Kadi ameipata. Ile elfu mbili bado anaingojea, na kila mwezi huenda kwa naibu wa chifu kuulizia.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii. Kwaheri kwa sasa.