Mkopo wa Mahindi Ungoje Mahindi
(Hotuba kwa wanachama, Kitale)



Sisi wa reli twapokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Lakini wengi wetu tuna mashamba huko Suam, na walimao ni wake zetu na wazee wetu. Wakikopa kwa ajili ya mbegu na mbolea, wadhamini ni sisi. Basi deni la mkulima ni shauri la mfanya kazi pia.

Watu husema mkulima halipi kwa sababu ni mjanja. Wako wa namna hiyo, hatukatai. Lakini tutazame miezi. Trans Nzoia hupanda Machi au Aprili, na mahindi ya nchi hii ya baridi hukaa shambani miezi sita hata minane. Mkopo ukidai fedha kila mwezi tangu Mei, mkulima atalipa kwa kitu gani? Atauza kuku, kisha mbuzi, mwisho ng'ombe wa maziwa. Watoto watakosa maziwa, na mwaka ujao hatakuwa na cha kuuza.

Jambo la pili ni bei. Wakati wa mavuno kila mtu auza, bei yaanguka. Baada ya miezi michache yapanda, na yule yule aliyeuza anunua unga. Deni likidaiwa lote juma la mavuno, mkulima hulipa kwa magunia mengi zaidi.

Jirani zetu wa Bungoma wametuonyesha njia. Mwaka 2006 shirika la One Acre Fund lilianza kazi huko, likiwakopesha wakulima mbegu na mbolea yenyewe, wala si fedha mkononi. Walikopa kwa vikundi, wakiangaliana, na kila mmoja alilipa kidogo kidogo kadiri alivyopata, mradi deni liishe kabla ya siku ya mwisho.

Kwa hiyo twataka chama chetu cha akiba na mikopo kifanye mambo matatu. Mkopo utolewe kabla ya mvua, maana mbolea iliyochelewa haina faida. Siku ya mwisho ya kulipa iwe miezi mitatu baada ya mavuno. Na anayeweza kulipa mapema, hata shilingi hamsini, apokelewe.

Nasi wakopaji tusigeuze fedha za mbolea kuwa za arusi.

Dawa ya deni ni kulipa. Dawa hiyo hatuikatai. Twaomba tuinywe baada ya kula.

Umoja ni nguvu.