Kilichokufa ni mazabodi, michango yenu haijapotea

Maneno ya mwenye kutunza mashine za ofisi, mbele ya mkutano wa wanachama



Komite imeniomba niseme juu ya kompyuta ya ofisi, ju maneno mengi yanatembea. Wengine wanasema imekufa kabisa. Wengine wamesimamisha mchango na wanauliza: kama mashine imekufa, pesa zetu zilizoandikwa humo zitajulikana namna gani?

Swali hilo ni la haki. Sisi tuliovuka ziwa kutoka Kigoma tunajua maana ya karatasi. Mwenye alipoteza cheti cha shule ya kambini aliona taabu yake alipofika huku. Kwa hiyo naanza na jibu: orodha ya michango iko, na picha za vyeti mlivyotuletea ziko. Kilichokufa ni mazabodi. Maandishi yanakaa ndani ya diski, na diski ni kitu kingine.

Mazabodi, wale waliosomea huku wanaiita karti-mere, ni ile kadi kubwa ndani ya sanduku ambamo kila kitu kinachomekwa: prosesa, memori, diski na waya za umeme. Inaunganisha vyote. Ikikufa, vyote vinanyamaza, hata vile vyenye bado ni vizima.

Tulijua namna gani? Hatukukimbilia kununua. Kwanza tulijaribu mashine kwenye soketi ingine ya umeme. Pili tukaweka pawasaplai ya mashine ingine inayofanya kazi. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Tatu tukabadilisha ile batri ndogo ya duara, CR2032, ju bei yake ni kidogo na inalinda saa na mipangilio. Nne tukatoa memori zote. Mazabodi nzima yenye kispika chake ingelia kulalamika. Yetu ilinyamaza. Mwisho tukaangalia kapasita, vile vikopo vidogo karibu na prosesa. Vinne vilikuwa vimevimba juu, na kimoja kilitoa uchafu wa rangi ya kahawia. Mashine nyingi za miaka ile ziliugua ugonjwa huo. Joto na vumbi vinauharakisha, na umeme wa jenereta unaopanda na kushuka hausaidii.

Kisha tulitoa diski, tukaichomeka kwenye mashine ya mwanachama mmoja. Faili zote zilifunguka. Tumezinakili kwenye flashi mbili: moja iko kwa mtunza sanduku, ingine kwa mwandishi.

Sasa, kununua mazabodi ingine si kama kununua sahani, kwamba yoyote itafaa. Mkimtuma mtu Uvira au Bujumbura, aende na mambo manne yameandikwa.

La kwanza ni kikalio cha prosesa. Prosesa yetu ni Core 2 Duo, na kikalio chake ni cha aina ya 775. Hata hapo aulize, ju si kila mazabodi ya 775 inakubali kila prosesa ya 775.

La pili ni memori. Zetu ni DDR2. Mazabodi ya DDR3 ina kipengele mahali pengine, hazitaingia. Asizisukume kwa nguvu.

La tatu ni umeme. Pawasaplai yetu ina plagi ya pini 24 na ingine ndogo ya pini 4 kwa ajili ya prosesa. Kuna viwanda vinavyotengeneza plagi zao wenyewe, hazipatani na zingine.

La nne ni kipimo. Sanduku letu linapokea mazabodi ya sentimita 24.4 kwa 24.4. Ile kubwa, ya 30.5 kwa 24.4, haitaenea.

Na abebe prosesa na memori zetu. Muuzaji aiwashe mbele ya macho yake kabla ya kutoa hata franga moja. Mazabodi hizi ni za kutumika. Ukifika nyumbani na haiwaki, muuzaji hatakutambua tena.

Siku ya kufunga, tutachomoa waya wa umeme, tutapiga picha ya kila waya kwa simu, na tutagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiue kadi. Pini za kikalio haziguswi kwa kidole. Vile vishikizo vya shaba chini ya mazabodi vinakaa penye matundu tu. Kimoja kikizidi kinaweza kuleta shoti. Pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa inafutwa, inawekwa mpya.

Jambo moja msishangae nalo: Windows ya zamani inaweza kukataa kuwaka juu ya mazabodi ngeni, na leseni iliyokuja na mashine inafungwa na mazabodi yake. Tutaiweka upya. Hiyo haitagusa nakala zilizo kwenye flashi.

Sasa neno la pesa. Sanduku hili ni la mgonjwa, la matanga na la mama aliyejifungua. Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu. Moja: tutafute mazabodi iliyotumika, lakini bei yake ikipita nusu ya mashine nzima iliyotumika, tununue mashine nzima na tuchomeke diski yetu humo. Mbili: stabilizatere inunuliwe pamoja nayo, kama sivyo tutarudi hapa na kilio kilekile. Tatu: kila mwisho wa mwezi nakala ifanywe mbele ya wanachama wawili, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa.

Mwenye amesimamisha mchango wake, aje baada ya mkutano. Tutamuonyesha jina lake na kila franga aliyotoa.