Kijana Mpweke katika Anime ya Kijapani

Katika anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, mhusika mkuu mara nyingi ni mwanafunzi anayeishi katikati ya watu lakini hana wa kumwambia yaliyo moyoni. Upweke huo una mizizi katika jamii yenyewe. Shuleni Japani, watoto hula pamoja darasani na kufagia vyumba vyao wenyewe. Malezi hayo hujenga ushirikiano, ila humbana asiyefanana na wenzake. Methali ya Kijapani inaonya kwamba msumari uliochomoza hupigwa nyundo.

Mwaka 1995, runinga ya TV Tokyo ilianza kuonyesha Neon Genesis Evangelion, tamthilia ya vipindi 26 iliyoongozwa na Hideaki Anno. Uchumi wa Japani ulikuwa umedorora, na mapema mwaka huohuo mji wa Kobe ulikumbwa na tetemeko kubwa la ardhi, kisha gesi ya sumu ya sarin ikaua watu katika treni za Tokyo. Mhusika mkuu wa tamthilia hiyo, Shinji Ikari, mvulana wa miaka 14, anaitwa na baba aliyemtelekeza ili aendeshe mtambo mkubwa wa vita. Anakubali, na siku zote hofu yake ni kuchukiwa. Katika kipindi cha nne anatoroka, anazunguka mjini kwa treni, muziki masikioni, asizungumze na abiria yeyote.

Filamu ya Koe no Katachi ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Naoko Yamada, inaonyesha jinsi kundi linavyomtenga mtu. Shoya Ishida, akiwa shule ya msingi, anamdhihaki Shoko Nishimiya, msichana kiziwi, na kumharibia vifaa vyake vya kusikia. Mambo yanapofika kwa mwalimu mkuu, wenzake waliokuwa wakicheka naye wanamtwisha lawama zote, na sasa yeye ndiye anayetengwa. Akiwa sekondari hawezi kumtazama mtu usoni, hivyo nyuso za wanafunzi wenzake zimechorwa alama kubwa ya X. Anapopata rafiki, alama ya rafiki huyo hubanduka na kuanguka.

Kazi hizi mbili hazimtaki kijana afanane na wengine ndipo apokewe, wala hazimsifu kwa kujitenga. Shoya anajifunza lugha ya alama, anamtafuta Shoko na kumwomba radhi. Urafiki wao unaanzia hapo, kwa yeye kujishughulisha kumwelewa mtu ambaye yeye mwenyewe alimuumiza.